Nani Anampigia Dereva?

Mada kwa semina ya wamiliki wa mabasi, madereva na askari wa usalama barabarani



Swali nililopewa ni kama mambo yanayohamisha akili ya dereva akiwa kwenye usukani yapigwe marufuku. Ninajibu kwamba yapigwe, na simu iwe ya kwanza. Ila marufuku tuliyoizoea, ya kumsimamisha dereva aliyeonekana na simu sikioni, inaishia nusu ya njia. Inamshughulikia anayepokea na kumsahau anayepiga. Na katika biashara ya kusafirisha abiria, anayepiga mara nyingi ni mmoja wetu humu ukumbini.

Nianze na jambo ambalo madereva wengi hawaliamini: kuvaa hedifoni badala ya kushika simu hakuondoi hatari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, huko Toronto, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani waliwachunguza madereva 699 wenye simu waliopata ajali, wakalinganisha saa ya ajali na kumbukumbu za simu zao. Uwezekano wa kupata ajali wakati wa kutumia simu ulikuwa kama mara nne ya wakati simu imetulia. Waliotumia simu zisizoshikwa hawakuonekana kuwa salama kuliko wenzao. Shirika la Afya Duniani hadi leo linataja kadirio hilo la mara nne. Ni shirika hilohilo lililotuambia mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko ajali hizo.

Kinachotekwa na maongezi ya simu ni akili, mkono unafuata tu. Katika Chuo Kikuu cha Utah, David Strayer na wenzake waliwaweka watu kwenye mitambo ya kuigiza uendeshaji, wakawapima wakiongea na simu. Macho ya watu hao yalielekea barabarani, yakatua juu ya kitu kilichokuwa mbele yao, na walipoulizwa baadaye wengi hawakukumbuka kukiona. Breki walizikanyaga kwa kuchelewa. Walioongea na abiria aliyekaa pembeni walifanya vizuri zaidi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu madereva huniuliza kila mara: kama simu ni mbaya, mbona tunaongea na konda siku nzima?

Basi likipita Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50, konda aliyekaa mbele anaona kile anachokiona dereva. Tembo wakisogea kando ya lami atanyamaza mwenyewe, au atasema, "Angalia kushoto." Mazungumzo yanapungua pale barabara inapodai. Anayepiga simu kutoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, haoni tembo. Anataka kujua viti vilivyobaki. Dereva akinyamaza sekunde mbili ili apishane na lori, sauti inaingia sikioni: "Haloo, upo?" Na dereva, kwa heshima ya bosi wake, atajibu kwanza.

Kuchati ni kubaya zaidi, na hesabu yake yeyote anaweza kuifanya. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, na huo ndio ukomo wa mwendo wa mabasi yetu, linakata mita 22 kila sekunde. Kutazama kioo cha simu kwa sekunde tano ni kwenda mita 110 bila kuona, urefu wa uwanja wa mpira. Ndani ya kijiji chenye kibao cha 50, sekunde hizohizo ni karibu mita 70.

Agosti 2010, karibu na Gray Summit katika jimbo la Missouri, Marekani, kijana wa miaka 19 aliyeendesha pikapu aliligonga lori kwa nyuma, na mabasi mawili ya shule yaliyokuwa nyuma yake yakagonga pia. Watu wawili walikufa na 38 waliumia. Kumbukumbu za simu zilionyesha kuwa katika dakika 11 za mwisho alikuwa ametuma na kupokea jumbe 11. Desemba 2011 bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo ikayashauri majimbo yote yawakataze madereva wote simu, ya kushikwa na isiyoshikwa. Majimbo yalipotunga sheria za kuwahusu madereva wote, yaliishia kwenye simu iliyoshikwa.

Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, ni wa reli. Tarehe 24 Julai 2013 treni iliacha njia karibu na Santiago de Compostela, Hispania, ikaua watu zaidi ya 70. Iliingia kwenye kona ya kilomita 80 kwa saa ikiwa na mwendo wa karibu 180. Muda mfupi kabla ya hapo dereva alikuwa akizungumza kwa simu ya kazini na mwenzake wa treni hiyohiyo kuhusu kituo kilichokuwa mbele. Hakuwa akipiga porojo. Alikuwa mtumishi mtiifu anayejibu swali la kazi, na ni utii huo ninaouona kila siku kwa madereva wetu.

Tajiri anapiga kuuliza hesabu. Wakala anapiga kuuliza nafasi. Dereva mwenzake anapiga kumwambia tochi ya trafiki iko wapi, na makundi ya WhatsApp yanafanya kazi hiyo usiku na mchana. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa kifaa cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kinachoonyesha gari liko wapi na linakwenda kwa kasi gani. Konda naye ana simu yake. Kwa hiyo swali la "umefika wapi?" halina sababu tena ya kumfikia aliyeshika usukani.

Wako watakaosema kuwa marufuku itakuwa mradi wa trafiki. Hofu hiyo siipuuzi. Kosa ambalo ushahidi wake ni jicho la askari mmoja kando ya barabara linaweza kumalizwa papo hapo kwa noti. Ndiyo maana adhabu isiwe pesa peke yake. Kenya iliweka faini ya papo kwa papo ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo. Uingereza ilipiga marufuku simu ya kushikwa mwaka 2003, na tangu 2017 faini ni pauni 200 pamoja na pointi sita kwenye leseni. Pointi zinauma kuliko pesa, kwa sababu hakuna tajiri anayeweza kumlipia dereva pointi. Sheria yetu mama ya usalama barabarani ni ya mwaka 1973, simu za mkononi zikiwa bado hazijafika nchini. Tunapodai irekebishwe, tudai imtaje na mmiliki.

Chakula, redio, kelele za abiria na runinga ya kwenye basi sitavitungia orodha ya makosa. Kosa la kuendesha kwa uzembe lipo tayari na linatosha kuvishughulikia. Runinga iwekwe tu mahali ambapo dereva haioni.

Ninachokiomba kwa wamiliki hakihitaji kusubiri Bunge. Safari ikianza, simu ya dereva ikae kwa konda, na mkataba wa ajira useme wazi kuwa dereva hataadhibiwa kwa kutopokea. Gari likiharibika, aegeshe ndipo apige. Kwa polisi, kila ajali iliyoua ifuatwe na ombi la kisheria la kumbukumbu za simu za dereva, na mwenye namba iliyompigia dakika ile ahojiwe pia.

Madereva wa bodaboda, kwa upande wao, hawana konda wala tajiri wa kukaa nao ukumbini. Wengine huichomeka simu ndani ya helmeti na kuongea. Wengine wameifunga kwenye usukani, na oda inapoingia kwenye programu wana sekunde chache za kuikubali kabla haijaenda kwa mwingine. Simu hiyohiyo inajua pikipiki inakwenda kwa kasi gani. Kampuni zinazomiliki programu hizo zinaweza kuzuia oda isilie mpaka chombo kisimame, na serikali iliyozipa leseni inaweza kuzilazimisha.