Maumivu ya Kifua: Yale Yangojayo na Yale Yasiyongoja
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka, Juja



Tumepewa kazi ya kusema nanyi juu ya maumivu ya kifua. Twajua kwamba wazee wengi hawapendi kuyataja. Mtu akishikwa na kifua husema ni baridi ya mwezi wa Julai. Hujipaka mafuta, hunywa chai ya tangawizi, kisha hulala. Mara nyingi huamka mzima, na kwa hiyo husadiki kwamba alifanya vema. Lakini ziko mara ambazo haamki. Neno letu la leo ni hili: maumivu ya kifua si ugonjwa mmoja, bali ni dalili ya magonjwa mengi. Yako yawezayo kungoja hadi kesho, na yako yasiyongoja hata saa moja. Yatupasa kujua kuyatenganisha.

Kifuani mna moyo, mapafu, njia ya chakula, mbavu na misuli. Kila kimoja chaweza kuuma, na kila kimoja kina namna yake.

Tuanze na yaliyo mepesi. Watu wetu wengi wamefanya kazi nzito katika machimbo ya mawe ya Ndarugu, katika mashamba ya kahawa ya Ruiru, au katika mananasi ya Thika. Aliyepakia mawe kutwa nzima aweza kuumwa na misuli ya kifua au mbavu. Maumivu hayo aghalabu huwa mahali pamoja, nawe waweza kupaonyesha kwa kidole; ukipabonyeza huuma zaidi, na ukigeuka kitandani huuma tena. Hupona kwa kupumzika. Kiungulia nacho huchoma katikati ya kifua baada ya kula, hasa mtu akilala tumbo likiwa limejaa. Halafu kuna mkanda wa jeshi, uunguzao ubavu mmoja kabla ya malengelenge kutokea. Huu wafaa kuonyeshwa kwa daktari katika siku 3 za kwanza, kwa maana dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema.

Pili ni mapafu. Nimonia huja na homa, kikohozi, na maumivu makali kila mtu avutapo pumzi. Mgonjwa wa namna hii na aende hospitali siku hiyo hiyo, hasa akiwa mzee au mtoto. Kifua kikuu huja polepole: kikohozi kisichokwisha kwa majuma mawili, jasho la usiku, kukonda, na pengine makohozi yenye damu. Mdudu wa ugonjwa huu alitambulishwa kwa ulimwengu na Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882, na siku hizi wagonjwa wengi hupona kwa dawa za miezi 6, ambazo hutolewa bure katika hospitali za serikali ya Kenya. Haifai kuona aibu. Wachimba mawe wajihadhari zaidi, kwa sababu vumbi la mawe likivutwa miaka mingi huyadhoofisha mapafu na kukifungulia mlango kifua kikuu.

Uko ugonjwa mwingine wa mapafu ulio wa hatari ya ghafula. Damu huganda mguuni, kisha donge likasafiri hadi kwenye pafu. Aghalabu humpata mtu aliyelala kitandani siku nyingi, aliyepasuliwa, au mama aliyejifungua karibuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kisha pumzi ikakatika na kifua kikachoma, msingoje.

Tatu ni moyo. Mwaka 1768 daktari William Heberden aliwaeleza waganga wenzake wa London habari za maumivu yamshikayo mtu kifuani anapotembea, hasa akipanda mlima, na ambayo humwachilia mara asimamapo. Maelezo hayo yangali kweli hata leo. Mzee apandaye kilima akabanwa kifua, akapumzika akapata nafuu, asifikiri kwamba ni uzee tu. Mishipa iupelekeayo moyo damu imekuwa myembamba, naye apaswa kumwona daktari upesi, kabla mshipa haujaziba kabisa.

Ukiziba, sehemu ya moyo huanza kufa. Hapo mtu huhisi kama amewekewa jiwe kifuani, au kama amefungwa kamba ikakazwa. Maumivu huweza kwenda katika mkono, bega, shingo, taya au mgongo. Jasho baridi humtoka, hutapika, au pumzi humpungukia. Lakini angalieni: akina mama, wazee sana, na wenye kisukari waweza kupatwa na moyo bila maumivu makali, wao huona uchovu wa ghafula, kichefuchefu, au kukosa pumzi tu. Kadhalika, kupiga mbweu na kuona nafuu kidogo si ushahidi kwamba ni tumbo.

Basi, yafanyike nini? Maumivu ya namna hiyo yakidumu zaidi ya dakika 10, au yakija na jasho, kuzirai au kukosa pumzi, mgonjwa aache kazi na kuketi. Asitembee kwenda kituo cha matatu, wala asiendeshe gari mwenyewe. Ikiwa aspirini haimdhuru, hana vidonda vya tumbo, wala hatoki damu, aweza kutafuna kidonge cha miligramu 300 wakati gari linatafutwa. Mkiwa na shaka, mwacheni bila kidonge, kwa kuwa safari ndiyo muhimu zaidi. Thika iko hospitali ya Level 5, Ruiru iko hospitali ya serikali, na karibu na Kahawa iko hospitali kubwa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kila jamaa na waulize mapema ni ipi iliyo tayari kumpokea mgonjwa wa moyo usiku. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hufaa zaidi katika saa za kwanza. Kila saa ipitayo huchukua sehemu ya moyo isiyorudi.

Pia wanachama wapimwe shinikizo la damu na sukari hata wakiwa wazima, waache tumbaku, na wajiandikishe katika bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Kujiandikisha mgonjwa akiwa mlangoni ni taabu.

Bwana Mwenyekiti, tuna ombi moja la kuuletea mkutano huu. Katika vyama vya kusaidiana kama hiki, mwanachama akifariki mchango hukusanywa upesi, na hilo ni jambo jema. Twaomba mweka hazina apewe ruhusa ya kutoa nauli ya kumpeleka mgonjwa wa kifua hospitali saa yoyote, bila kungoja kikao, na hesabu iletwe baadaye. Kadhalika, kila mtaa uwe na mwenye gari aliyekubali kuamshwa usiku. Fedha ya nauli ni ndogo kuliko fedha ya jeneza, na aliyepona atarudi kuchanga pamoja nasi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Wazee wetu, mnapoumwa na kifua, semeni. Kuvumilia ni sifa njema katika kazi na katika shida, lakini moyo uliozibwa hauponi kwa uvumilivu.