Bondia Aliyeshindwa Mara Nne



Mwenzetu mmoja ameanguka jaribio mara mbili, sasa ataka kuacha. Asema amezeeka. Basi, namsimulia habari za Jersey Joe Walcott.

Bondia huyu wa Marekani alizaliwa mwaka 1914. Baba yake alifariki mapema, naye kijana akaenda kufanya kazi kiwandani. Baadaye akawa na watoto sita wa kulisha, na ngumi hazikumpa fedha za kutosha.

Mwaka 1947 alipigania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alimwangusha Joe Louis mara mbili, lakini waamuzi wakampa Louis ushindi. Mwaka 1948 Louis akamlaza raundi ya 11. Mwaka 1949 akashindwa na Ezzard Charles kwa pointi. Machi 1951 vilevile. Mara nne, jamani!

Hakuacha mazoezi. Julai 18, 1951, mjini Pittsburgh, raundi ya saba, ngumi moja ya kushoto ikamlaza Charles chini. Walcott akawa bingwa, ana miaka 37.

Je, ndugu yangu, wewe umejaribu mara ngapi? Mbili tu! Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kesho njoo na daftari lako.