Steji Tunazozitaja Kila Siku Ndizo Vivutio Vyenyewe

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa madereva wa tuktuk, waendeshaji bodaboda na vijana wa vikundi vya mitaa, kuelekea likizo ya Desemba

Najua nje kuna tuktuk zimesimama bila kuingiza hata shilingi, kwa hivyo salamu nitazifupisha.

Nianze na swali, na naomba mikono juu. Nani hapa amewahi kumpeleka mteja Fort Jesus? Naona karibu nyote. Haya, nani amewahi kuingia ndani, akapita langoni, akatembea hadi kule ukutani bahari inakoonekana yote? Mikono imepungua. Na katika iliyobaki, ninashuku wengine mliingia na mwalimu mkiwa shule ya msingi, mkapangwa foleni na kuambiwa msiguse kitu.

Siwalaumu. Mtu anayetafuta riziki hana haja ya kulipa kiingilio ili aone ukuta anaoupita mara kumi kwa siku. Lakini hapo ndipo nilipotaka tuzungumze. Vivutio vya Mombasa tumewaachia wageni, nasi tumebaki mlangoni tukiwashusha na kuwapakia. Mahali ambapo mwenyeji hapakanyagi, pakiharibika hakuna wa kulalamika, na pakizibwa hakuna wa kushtuka. Na ninyi ndio watu wa kwanza mgeni kuwauliza, "Hapa pana nini?" Jibu lenu ndilo atakalorudi nalo kwao.

Tukianza na hiyo ngome. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na aliyeichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa, mikono na miguu. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, na mazingira hayo yakadumu karibu miaka 3, hadi Desemba 1698. Ndani hawakuwamo Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili pia, wakiwemo watu wa Faza, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Meli ya msaada kutoka Goa, Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 hapo hapo chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichunguza miaka ya 1970, na baadhi ya vitu walivyovitoa vimo ndani ya makavazi. Baadaye Waingereza waliifanya gereza, kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hayo niliyoyasema yamechukua chini ya dakika mbili. Kutoka Miritini kwa reli hadi Mji wa Kale, kwa foleni ya hapa kwetu, mna muda wa kuyasema mara kumi na mkabakisha nafasi ya kuzungumzia mpira. Mteja aliyesimuliwa njiani hukumbuka nambari ya simu ya dereva. Mnaijua biashara yenu kuliko mimi, lakini hili naamini mtakubaliana nami.

Ngome iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, si chini ya kaunti, kwa hivyo bei ya kiingilio si sisi tunaoipanga. Ila Mkenya hulipa kidogo mno kuliko mgeni wa nchi za nje. Beba kitambulisho, beba na watoto.

Ukitoka pale usiwashe injini upesi. Mji wa Kale hautazamwi kwa tuktuk, hutazamwa kwa miguu. Ingia Ndia Kuu, inua macho uone roshani za mbao na milango ya nakshi. Utapita Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570 kwa kumbukumbu za wenyeji, maana yake ulikuwapo kabla ngome haijawekewa jiwe la kwanza. Teremka hadi Leven House, karibu na Bandari ya Kale. Jina hilo latokana na meli ya Kiingereza iliyotia nanga hapa mwaka 1824, wakati Mazrui walipotaka ulinzi wa Waingereza. Afisa kijana aliyeachwa hapa kusimamia mambo aliitwa Reitz, na hakumaliza mwaka akafa. Ninyi mnaopiga kelele "Portreitz! Portreitz!" kila asubuhi, huyo ndiye mnayemwita.

Majina ya steji zetu yamejaa habari za namna hiyo. Kengeleni ni kwa sababu ya kengele, na kengele yenyewe bado ipo pale, juu ya mnara wake mdogo. Ni ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa huru. Ilipigwa kuwaonya watu hatari ikija. Jina la Frere latokana na Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa pwani yetu kushughulikia kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Sasa magari yanapita pale yakigombania abiria, na ni wachache wanaogeuza shingo. Kwangu mimi, hapo ni mahali pazito kuliko pembe za ndovu za Moi Avenue. Pembe ni nzuri kwa picha, sikatai. Ziliwekwa 1952 kumlaki Princess Elizabeth, zikaboreshwa baadaye, na kila mgeni lazima apige picha pale au haamini amefika Mombasa. Mpeleke. Msimamishe mahali salama, si katikati ya barabara, kisha mwambie kuna kengele upande wa pili wa daraja la Nyali.

Na mnara wa askari pale Jomo Kenyatta Avenue, je? Ni wa wanajeshi na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi wengi walikufa katika vita vile kwa maradhi na uchovu, wakibeba mizigo ya wengine. Familia nyingi za Pwani na bara zilipoteza watu ambao makaburi yao hayajulikani.

Nije kwenye mahali ninapopapenda kuliko pote, na sitaki mnicheke: ni shimo la saruji. Bamburi Mtambo mnaijua. Mtambo huo ni kiwanda cha saruji, kilichoanza kuchimba matumbawe pale miaka ya 1950. Kufikia 1971 palikuwa jangwa jeupe, jua linapiga chini na kurudi usoni. Mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, René Haller, akaanza kujaribu miti. Mingi ilikufa. Mvinje ukashika. Lakini majani ya mvinje yakawa yanaanguka na kukaa vile vile, hayaozi, kwa hivyo udongo haukupatikana. Unajua nani aliyeokoa kazi? Jongoo. Waliletwa jongoo wale wakubwa wenye miguu myekundu, wakala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Sasa kuna msitu, kuna twiga, kuna viboko na mabwawa ya samaki. Hapo ndipo alipoletwa Owen, kiboko mchanga aliyebaki yatima pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajishikiza kwa kobe mzee aliyeitwa Mzee kana kwamba ni mama yake. Habari ile ilizunguka dunia nzima. Mtoto wa Mombasa anayejua kwamba jangwa liligeuzwa msitu na jongoo hatamkanyaga jongoo tena, na huenda siku moja akauliza kuhusu machimbo yaliyo jirani na kwao.

Sasa tuteremke ufuoni, maana bila bahari Mombasa ingekuwa mji wa joto tu.

Ufuo wa Jomo Kenyatta, Pirates mnavyouita, ndio wa watu wote. Hakuna anayekuuliza umevaa nini wala umeagiza nini. Nataka mlijue hili vizuri kwa sababu huulizwa ofisini kwetu kila wiki: Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Haijalishi mbele yake kuna hoteli gani. Kutembea pale kwenye mchanga hatuhitaji ruhusa ya mlinzi. Tatizo huja katika njia za kufikia huo mchanga. Njia ya kupita ikikaa miaka haina mpitaji, mara mtu ameweka geti, mara mtu amepanda ua, na baadaye hata mzee wa mtaa anasahau kwamba palikuwa na njia. Ukiona njia ya ufuoni imezibwa, andika mahali, piga picha, peleka katika ofisi ya wadi yako. Katiba hiyo hiyo imeipa kaunti jukumu la bustani za umma, fuo na utalii wa ndani. Sisi tukichelewa kujibu, rudini. Mnayo haki ya kutusumbua.

Halafu kuna usalama, na hapa naomba vijana wa bodaboda mnisikilize. Wageni wetu wa Desemba wengi ni Wakenya wenzetu wa bara. Wamepanda treni usiku, wameshuka Miritini, na saa mbili asubuhi mtoto yuko majini. Hajui kupwa wala kujaa. Maji yetu hupanda na kushuka mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, tofauti hukaribia mita 4. Anayetembea kwenda mwambani maji yakiwa yamekupwa anapaswa kurudi kabla hayajageuka, kwa sababu mikondo hujaa nyuma yake kwanza. Mvuvi yeyote atakueleza. Basi mwambie mteja, "Leo maji yanajaa saa fulani." Hayo ni maneno machache yanayoweza kuokoa roho. Na mwambie avae viatu, kuna fumwe.

Mwambie pia asibebe kombe wala tumbawe. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, na tumbawe moja unaloliona dogo huenda limechukua miaka mingi kukua. Akitaka kuyaona, apande mashua yenye kioo chini, na mwenye mashua naye apate chakula cha jioni.

Jioni malizieni Mama Ngina. Tangu ilipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya 2019, watu wamejaa, na naona raha kusema kwamba hapa wenyeji tumewashinda wageni. Kaa chini ya mbuyu, agiza muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, kata dafu, tazama meli ikipita mlango wa Kilindini karibu mpaka unasoma jina lake. Haigharimu zaidi ya nauli na muhogo. Mibuyu ile ni mikongwe. Tafadhali, hakuna anayefaidika kwa kuchonga jina la mpenzi wake pale. Na makopo ya plastiki yarudi nawe, kwa sababu upepo huyapeleka baharini usiku huo huo.

La mwisho ni nauli, na najua hamlipendi. Kuna nauli ya mwenyeji, kuna nauli ya mgeni wa bara, na kuna nauli ya Mzungu, safari ikiwa ni ile ile. Mimi si polisi wa bei. Lakini mama aliyekusanya pesa mwaka mzima Machakos kuleta watoto watatu kuona bahari, akatozwa mara tatu kutoka Miritini, hazungumzi habari za ngome akirudi. Anazungumza habari ya dereva. Mwaka ujao jirani yake atakwenda kwingine, na huyo jirani alikuwa mteja wako. Patana bei kabla ya kuwasha gari, iseme wazi, na usiibadilishe njiani.

Ninalowaomba ni kwamba kabla ya shule kufungwa kila mmoja wenu achague mahali pamoja ambapo hushusha watu lakini hajaingia, aingie na watu wa nyumbani kwake. Kama ni Mji wa Kale, anza asubuhi kabla ya jua kali, kunywa kahawa chungu barazani, jifunike vizuri, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Wale ni watu wanaoishi pale, wala si maonyesho.

Sasa nipokee maswali. Nianze na mama pale nyuma, maana ameinua mkono tangu nilipotaja nauli.