Moto Usiounguza: Vipokezi, Nyuzi za Neva na Kazi ya Maumivu



Tafuna pilipili kichaa, kisha weka kipimajoto mdomoni. Hakitaona moto wowote. Hata hivyo machozi yanakutoka, kamasi zinachuruzika, jasho linalowanisha paji la uso. Mwili umejihami dhidi ya moto ambao haupo. Nani ameudanganya?

Jibu lilipatikana San Francisco mwaka 1997. Maabara ya David Julius ilichukua jeni zinazofanya kazi katika neva za hisia za wanyama, ikaziingiza kwa mafungu ndani ya seli zisizoijali pilipili, kisha ikazimwagia kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Mafungu mengi yalinyamaza. Mwishowe fungu moja likaitika: kalsiamu ikamiminika ndani ya seli, na wakaendelea kuchambua hadi ikabaki jeni moja tu. Protini yake, inayoitwa TRPV1, ni mlango kwenye utando wa seli. Kapsaisini huufungua. Lakini joto la takriban nyuzijoto 43 nalo huufungua, bila pilipili yoyote. Kwa hiyo ubongo haujakosea. Umeletewa habari kwa njia ileile inayoleta habari za maji ya moto, nao hauna namna ya kujua nani aliyebisha.

Ndege wana mlango kama huo, ila wao joto huufungua na kapsaisini haiufungui. Ndiyo maana humeza pilipili bila taabu na kusambaza mbegu zake, ilhali panya, ambaye angezisaga kwa meno, huondoka mbio.

Mlango ukifunguka, habari husafiri kwa nyuzi za neva, na hapa mwendo hutofautiana mno. Joseph Erlanger na Herbert Gasser, waliofanya kazi St. Louis miaka ya 1920 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1944, walionyesha kwamba neva moja hubeba nyuzi za unene na kasi mbalimbali. Nyuzi za mguso ni nene, zimefunikwa kwa tabaka la mafuta, na hukimbia mita 50 hivi kwa sekunde. Nyuzi za aina ya A-delta, zinazoleta maumivu makali ya mara moja, ni nyembamba na zina mafuta machache: labda mita 20. Nyuzi za C hazina mafuta kabisa. Zinajikokota kwa mita moja hivi. Kutoka kidole cha mguu cha mtu mzima hadi uti wa mgongo ni kama mita moja. Gonga kidole hicho kwenye kizingiti, ufanye hesabu: mguso umeshafika, mchomo umefuata papo hapo, na yale maumivu mazito yanayokufanya uketi chini bado yako njiani kwa sekunde nzima.

Na kwa nini tunakisugua? Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza mwaka 1965 kwamba mguso hupunguza nguvu za habari za maumivu ndani ya uti wa mgongo. Vipengele kadhaa vya pendekezo lao vimepingwa baadaye, lakini wazo la msingi limesimama: maumivu huchujwa njiani kabla hayajafika juu.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaoota siku ambayo maumivu yatazimwa kabisa. Mwaka 2006 watafiti walieleza habari za familia za kaskazini mwa Pakistani zenye hitilafu katika jeni moja, SCN9A, inayotengeneza mlango wa sodiamu katika neva za maumivu. Mtoto mmoja wa huko alijulikana mtaani kwa kujichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Mguso aliusikia, maumivu hakuyajua. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa.

Kampuni za dawa nazo zilijaribu kuufunga TRPV1. Baadhi ya watu waliojitolea walipata homa, kwa kuwa mlango huo pia husaidia kulinda joto la mwili; katika majaribio mengine watu walichelewa kutambua kwamba maji ni ya moto mno. Kilichofaulu ni kinyume chake. Wagonjwa ambao mkanda wa jeshi umewaachia maumivu yasiyoisha hubandikwa plasta ya kapsaisini ya asilimia 8. Mlango hufunguliwa kupita kiasi, hadi ncha za nyuzi katika ngozi hulegea na kurudi nyuma. Nyuzi huota tena polepole, kwa hiyo plasta hurudiwa baada ya miezi mitatu au zaidi, na kabla ya kuibandika daktari huipaka ngozi ganzi, maana saa ya kwanza inawaka kwelikweli.