Keti Naye Kwanza

Ninyi wa Goma, Bujumbura, Kampala, na sisi wa hapa Kigali, nina neno moja tu.

Dada mmoja wa kwetu Nyamirambo alipoteza mimba ya miezi saba. Nikaenda kumwona, Biblia mkononi. Nikamwambia, "Dada, usilie, Mungu atakupa mwingine." Akanyamaza. Mimi nikadhani amefarijika. Baadaye sana akaniambia, "Mtumishi, siku ile ulinifunga mdomo. Nilitaka kusema habari za huyu, sio za mwingine." Jamani, nilitubu.

Siku hizi kuna miwani ya kompyuta, wanaiita uhalisia pepe. Inafunika macho yote, unajiona kama uko bustanini au kando ya bahari. Wataalamu wanaijaribu kutuliza watu wenye hofu na huzuni. Mwaka 2020 televisheni ya Korea Kusini ilionyesha mama aliyeivaa akakutana na sura ya binti yake aliyefariki. Alilia, akanyoosha mkono amguse.

Mimi siihukumu. Kama daktari anaona inamsaidia dada yetu, Mungu ashukuriwe. Lakini inaniuliza swali: kwa nini mama atafute nafasi ya kulia ndani ya mashine, na kanisa lipo?

Tazama, hata sheria ya kazi ya Rwanda ya 2018 inampa mama aliyejifungua mtoto mfu, kuanzia wiki ya 20, likizo ya wiki 8. Serikali imekubali kwamba huyu amezaa na amefiwa. Sisi je? Tunamtaka Jumapili aimbe kwaya!

Rafiki za Ayubu walikosea walipoanza kuhubiri. Zile siku 7 walizokaa naye chini kimya, hapo walifanya vema.

Basi wewe unayesoma, mpelekee uji. Mfulie nguo. Muulize kama mtoto alipewa jina. Usimtafutie dhambi, usimwambie ni laana ya ukoo. Mume wake naye amefiwa, usimruke. Na ukiona halali, hali chakula, au anasema heri afe, msindikize hospitali siku hiyohiyo. Maombi na daktari havigombani.

Yule dada alinisamehe. Akaniambia jina la mtoto wake. Nimeliandika ndani ya Biblia yangu, ukurasa wa kwanza, nisisahau tena.

Amina.