Vifaranga visiingizwe kwa haraka



Mwaka jana tulikosea. Tuligawa vifaranga hapa Sanga bila kueleza namna ya kuviingiza kwa kuku wa zamani. Asubuhi moja mama mmoja alituonyesha vitatu vilivyodonolewa kichwa mpaka kufa, na feza ya kununua vingine hana. Kosa lilikuwa letu, si lake.

Kuku wana wakubwa na wadogo wao. Mugeni anadonolewa mpaka ajue nafasi yake. Basi tufanye hivi:

Vifaranga vya kununua vikae mbali wiki mbili, tuangalie kama havina ugonjwa. Kisha viwe nyuma ya uzio wa matete, vionane na wakubwa bila kugusana. Vikifika wiki nane hivi, muviingize jioni, giza ikianza. Muweke chakula na maji pahali pawili, na kona yenye mulango mudogo, mukubwa asipite. Kudonoana kidogo ni kawaida. Damu ikitoka, mutoshe kile kidogo mara moja.

Vile vyenye mama yao, muviache naye: yeye mwenyewe anavilinda.

Tutapita tena nyumba kwa nyumba. Mutuambie ukweli, hata kama vimekufa.