Koti Langu la Suti

Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaikumba Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Walionusurika wakahifadhiwa mashuleni.

Huku Ipagala tulichanga nguo. Mimi nilitoa koti la suti lisilonitosha, nikajiona mwema. Jirani yangu alipanda basi, akaenda kujitolea. Aliporudi alinisimulia kazi yenyewe: kuandikisha majina, kukoroga uji, kuosha masufuria, kukesha na mama anayemngoja mtoto asiyeonekana. Na kuchambua marundo ya nguo, yakiwamo makoti kama langu.

Ndugu zangu, kutoa kilichotushinda kabatini si shida. Mvua nyingine zitakuja. Tuulize kwanza kinachohitajika, na anayeweza aende mwenyewe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.